Pampu ya Petroli na Jua la Isiolo

Atokaye Isiolo kwenda Marsabit hukabili safari ya kilomita zaidi ya 250 katika nchi ya joto kali. Motokaa za zamani zenye kabureta mara nyingi huzimika adhuhuri, na dereva hudhani pampu ya petroli imekufa. Pengine ni nzima: petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba, nayo pampu haivuti mvuke kama ivutavyo petroli.

Dereva mwenye busara haifungui pampu kwa haraka. Kwanza huinua boneti, akaiacha injini ipoe, kisha akaifunika pampu kwa kitambaa chenye maji. Injini ikiwaka, ugonjwa ulikuwa joto. Isipowaka, na azime swichi, alegeze bomba kwenye kabureta, akinge kopo, mwenziwe azungushe injini kwa mkono. Petroli ikiruka kwa nguvu, pampu haina kosa. Ikidondoka tu, achunguze tangi, chujio na viungo vya bomba, ndipo akilaumu kiwambo cha pampu. Moto na sigara viwe mbali.

Lakini kitambaa kisimalize maji ya kunywa. Gari laweza kungoja jioni, kiu haingoji.