Video ya bidhaa inatetemeka? Tengeneza kigari cha simu mwenyewe



Umeziona zile video ambazo kiatu kinajifunga kamba chenyewe huku kamera inapita taratibu pembeni? Wala hazihitaji studio. Ni picha za kawaida zilizopigwa moja moja, kisha zikaunganishwa.

Mimi nilipoanza nilishika simu kwa mkono. Mteja akaniandikia: "Dada, mbona kiatu kinarukaruka? Mshono wenyewe siuoni." Hakununua. Mteja wa mtandaoni hawezi kushika mzigo, anategemea macho tu. Ukimnyima hayo, umemkosa.

Siri si bei ya simu. Siri ni kuisogeza kwa hatua zinazolingana, kwenye mstari ulionyooka.

VIFAA
✅ Ubao ulionyooka wa mita 1
✅ Ubao mwembamba wa mita 1, wa kufanya ukingo
✅ Vipande 2 vidogo vya ubao
✅ Futi ya fundi cherehani
✅ Vibanio 2 vya karatasi, gundi na misumari
✅ Kilo 1 ya mchele kwenye mfuko

KUTENGENEZA
1. Pigilia ubao mwembamba kando ya ubao mkubwa. Hiyo ndiyo reli yako.
2. Gundisha futi sambamba na reli.
3. Kipande kimoja kilaze, ndicho kigari. Cha pili kisimamishe juu yake, ubane simu hapo kwa vibanio. Usibane vitufe.
4. Chora mshale kwenye kigari unaoelekea kwenye futi.
5. Weka mchele juu ya kigari kiwe kizito.

Magurudumu usiweke! Gurudumu ukiligusa tu linabingirika. Sisi tunataka kitu kinachokaa pale pale ulipokiacha.

HESABU
Picha 12 zinatoa sekunde 1. Video ya sekunde 5 ni picha 60. Ukisogeza nusu sentimita kila picha, utatembea karibu sentimita 30, yaani kutoka kisigino hadi ncha ya kiatu. Picha chache za mwanzo na za mwisho, sogeza milimita 2 au 3 tu, ili kamera ianze na kusimama kwa ulaini.

KUPIGA
Kigari kikiwa kinaegemea reli: sogeza kigari, sogeza kamba ya kiatu, toa mkono, piga. Rudia.

Mambo manne yanayoharibu kazi:
👉 Mwanga wa dirishani. Wingu likipita, video inawakawaka. Funga pazia, tumia taa.
👉 Fokasi kubadilika. Bonyeza kioo na ushikilie mpaka ijifunge. Kwa sababu hiyo anza na kupita pembeni. Ukiisogelea bidhaa, picha itapoteza ukali.
👉 Kidole kutikisa simu. Weka taima ya sekunde 3.
👉 Kupigiwa simu katikati ya kazi. Washa hali ya ndege.

Kuunganisha picha, Stop Motion Studio ina toleo la bure.

Jambo la mwisho: pitisha kigari polepole zaidi penye mshono, zipu au soli. Hapo ndipo mteja anapotaka kuhakikisha kabla ya kutuma hela. Kama kuna dosari, ionekane pia. Bora aulize leo kuliko arudishe mzigo kesho.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni.