Sura Mpya, Injini Ileile: Premio na Pumzi ya Pwani

Toyota Premio ni gari la familia la milango minne na buti iliyojitenga, lililotengenezwa Japani kuanzia Desemba 2001 hadi Machi 2021. Kizazi chake cha pili kilitoka Juni 2007, kikarekebishwa sura mwaka 2010, kisha Juni 2016 kikarekebishwa tena, safari hii kwa mkono mzito. Sura hiyo ya 2016 ndiyo inayowagawa watu kati ya Likoni na Lunga Lunga, pwani ya kusini ya Kenya. Wanaoipenda wanaona gari limepata hadhi na limesogea karibu na Crown. Wasioipenda wanasema gari pole limevishwa mdomo usio wake. Rai nyingine, ambayo husemwa kwa sauti ya juu zaidi, ni kwamba lenye injini ya lita 1.5 halina nguvu.

Maoni haya yanafika Msambweni kwa kuchelewa, na sababu yake ni sheria. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 kinakataza kuingiza nchini gari lililokwisha pita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na wanunuzi wengi hungoja gari liukaribie ukomo huo ndipo bei ishuke. Kwa hiyo umbo ambalo madalali wa Mombasa huliita “nyu shepu”, jina linalohama kila sura nyingine inaposhuka bandarini, aghalabu ni umbo ambalo Japani wamekwisha lisahau. Sheria isipobadilika, Premio za mwisho kabisa zitapokewa hadi mwisho wa 2028.

Sura yenyewe inaeleweka vizuri zaidi kwa futi kuliko kwa ladha. Upana wa Premio ni milimita 1,695. Sheria ya Japani huliweka gari katika daraja la magari madogo ya abiria likiwa halizidi upana wa mita 1.7, urefu wa mita 4.7, kimo cha mita 2 na ujazo wa injini wa lita 2. Mchoraji alikuwa amebakiwa na milimita 5 tu za kuchezea. Mabavu ya magari mapya hutokana na mabega yanayotanuka juu ya magurudumu, na hayo Premio haikuweza kuyapata. Pia milango, paa na mbawa za bati hukandamizwa kwa mashine zenye kalibu za chuma za bei ghali mno, ilhali bampa na grili ni plastiki ya kumiminwa. Ndiyo maana toka 2007 hadi 2021 mwili ukabaki uleule na uso ukabadilishwa. Kilichobaki cha kukuza mbele ya gari ni grili, nayo ikakuzwa. Kwa hali hiyo, kazi ya 2016 si mbaya kama inavyosemwa. Taa zake nyembamba zinaupa uso upana ambao kipimo cha mita hakiuoni.

Grili kubwa haiongezi nguvu. Katika magari mengi ya siku hizi sehemu yake kubwa imezibwa kwa nyuma, na hewa ya kupoza rejeta hupitia nafasi ndogo tu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare, gari la ukubwa huu huhitaji takriban kilowati 8 kuipasua hewa na kilowati 4 nyingine kuyaviringisha magurudumu. Jumla ni nguvu farasi 16 hivi. Injini ya lita 1.5 ya Premio ina nguvu farasi 110. Anayesafiri kutoka Msambweni kwenda Likoni bila kumpita mtu, basi, anatumia sehemu moja kwa saba ya alichonunua.

Injini hiyo ni 1NZ-FE, ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,496, nne tu pungufu ya 1,500, kiwango ambacho ukikivuka ushuru wa bidhaa nchini Kenya hupanda. Haikubadilishwa uso ulipobadilishwa. Ilianza kutumika mwaka 1999, na ndiyo iliyoipa Corolla NZE herufi zake mbili za kwanza. Ndiyo pia iliyomo katika Probox ya lita 1.5, lile gari la mizigo linalobeba abiria, magunia na mbuzi katika vichochoro vyote vya Kwale. Anayeidharau Probox akaisifu Premio, chini ya boneti anatazama injini ya ukoo mmoja.

Hatua nne za injini ya petroli zimo katika kila kitabu cha fizikia cha sekondari na hazihitaji kurudiwa hapa. Linalohitaji maelezo ni kwa nini injini moja huwa na nambari mbili. Karatasi ya Premio ya 2007 inasema nguvu farasi 110 katika mizunguko 6,000 kwa dakika, na nyutonimita 140 katika mizunguko 4,400. Nambari ya pili ni ya ule mkazo ambao kranki huzungushia gia. Kiswahili cha gereji kinauita “toki”, kama katika toki renchi, na neno hilo linatosha kufungia nati. Kwa maandishi, neno “nguvu ya mzunguko” halifai, kwa kuwa linachanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. “Msokoto” linafaa zaidi, ingawa magazeti yamelizoesha kwenye bangi. Mtu akisokota kamba huhisi mkononi jambo lenyewe hasa.

Uhusiano wa msokoto na nguvu unaonekana katika kisima. Watu wawili wanateka maji. Mmoja ana ndoo ya lita 20 na anaivuta taratibu, mara 3 kwa dakika. Mwingine ana kidoo cha lita 5 lakini mikono yake ni myepesi, anavuta mara 12. Kila mmoja anajaza pipa kwa lita 60 kwa dakika. Ukubwa wa ndoo ndio msokoto, wepesi wa mikono ndio mizunguko, na maji yanayoingia pipani kila dakika ndiyo nguvu. Nguvu farasi ni zao la viwili hivyo. Haiwezi kujulikana kwa kimoja peke yake.

Sasa yule mwenye mikono myepesi aongeze kasi. Kwa muda pipa linajaa upesi zaidi. Lakini kidoo kikigusa maji na kuvutwa hapo hapo, hakipati nafasi ya kuzama, kinapanda kikiwa na lita 4 na nusu, kisha 4. Kuna mahali ambapo kila vuto la ziada huleta maji machache kuliko linavyochosha, na hapo kasi haina faida tena. Injini hufanya vivyo hivyo. Katika mizunguko 4,400 Premio ina nyutonimita 140; ikifika 6,000 msokoto umeshuka hadi 129 hivi, kwa sababu silinda hazijai hewa kikamilifu, ila ndoo zimekuwa nyingi kiasi kwamba nguvu bado imepanda, kutoka farasi 88 hadi 110. Baada ya hapo pipa huanza kupungukiwa.

Muda wa kuzama ni mfupi kuliko mtu anavyodhani. Katika mizunguko 1,000 kwa dakika, pistoni hushuka ikivuta hewa kwa sehemu 30 za elfu za sekunde. Katika 6,000 inabakiwa na 5. Hewa nayo ina uzito na ubishi wake. Huchelewa kuanza kutembea, na ikishaanza huchelewa kusimama. Mteka maji hodari huujua ubishi huo. Anapovuta haraka huiacha ndoo chini nukta moja zaidi, hata baada ya kamba kulegea, ili maji yanayokimbilia ndani yamalizie kuingia. Injini iendayo mbio nayo hunufaika vali ya hewa ikichelewa kufungwa: pistoni imekwisha anza kupanda, lakini hewa iliyoshika mwendo bado inajisukuma ndani. Tatizo ni kwamba desturi hiyohiyo katika mwendo wa pole ni hasara. Hewa isiyo na kasi haijisukumi. Vali ikichelewa kufungwa, pistoni inaipuliza kurudi ilikotoka. Ndoo iliyojaa imeinamishwa ikamwagika kisimani.

Kwa miaka mingi wahandisi walilazimika kuchagua kati ya injini ya mjini na injini ya mbio, maana kamshafti ni chuma na chuma hakibadili nia. Mfumo wa VVT-i, ambao Toyota iliuanzisha mwaka 1995 katika Crown, uliondoa ulazima huo kwa njia ya werevu wa kupendeza. Kamshafti ya vali za hewa haikugundishwa moja kwa moja kwenye gia inayozungushwa na cheni. Kati yake kuna kikombe chenye vyumba vidogo, na ndani ya kila chumba kuna bawa lililoshikamana na kamshafti. Oili ya injini, ileile inayolainisha vyuma, husukumwa upande mmoja wa bawa au upande wa pili. Ikijaa upande huu, kamshafti hutangulia cheni. Ikijaa upande ule, huchelewa nyuma yake. Kompyuta ndiyo inayoamua, kwa kufungulia oili kijia kimoja au kingine, na haiachi kuamua tangu ufunguo unapowashwa. Katika 1NZ-FE masafa ya kusogea ni karibu digrii 40 za mzunguko wa kranki. Hakuna mota wala springi ya kusukuma vali zaidi. Ni oili tu, inayokwenda kushoto na kulia ndani ya kikombe kinachoenea kiganjani, na kwa hiyo mteka maji mmoja anapata mikono ya watu wawili.

Hapa ndipo pwani inapoingia. Ndoo hujaa hewa iliyopo, na hewa haiko sawa kila mahali. Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya ufukweni. Joto la Msambweni linaipunguzia pwani sehemu ndogo ya faida hiyo, kwa kuwa hewa ya moto hutanuka, na unyevunyevu huchukua chembe nyingine isiyofaa kuhesabiwa. Kwa siku ya nyuzi 30 Msambweni na nyuzi 22 Nairobi, kila lita ya hewa ya Nairobi ina uzito wa asilimia 83 hivi ya lita ya Msambweni. Petroli huchomwa kwa kadiri ya hewa, basi nguvu farasi 110 za ufukweni zinakuwa takriban 91 katika jiji kuu, gari likiwa lilelile na fundi yuleyule.

Premio ilitoka pia na injini ya lita 1.8, yenye ujazo wa 1,797 na nguvu farasi 136 katika toleo la 2007. Ukiupiga ujazo huo kwa asilimia 83 unapata 1,491, na nguvu yake inakuwa 113. Kwa maneno mengine, Premio ya 1.8 ikiwa Nairobi humeza hewa karibu sawasawa na ya 1.5 ikiwa Msambweni. Mnunuzi wa Nairobi anayesema 1.5 ni dhaifu anasema kweli ya kwao. Rai hiyo ikishuka na barabara ya Mombasa bila kupunguzwa wala kuongezwa, huwafanya watu wa Kwale walipe ushuru wa juu na petroli ya ziada kwa ajili ya mlima ambao hawaukai.

Mlima wa huku ni mmoja wa maana, ule wa kutoka Kombani kupanda Kwale mjini, karibu mita 400 juu ya bahari. Gari lenye watu watano, tani moja na nusu kwa jumla, likipanda mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hutaka nguvu farasi 20 za kupandia juu ya zile za kutembelea. Akiba ipo tele. Kupandisha uzito huo kutoka ufukweni hadi Kwale hugharimu petroli ya zaidi kidogo ya nusu lita.

Hata hivyo madereva wa Premio wanalalamika hapo hapo kwamba gari linalia bila kwenda, na wanachokisikia ni cha kweli. Sanduku la gia la kizazi hiki cha pili halina gia ya kwanza, ya pili wala ya tatu. Lina mkanda wa chuma unaozunguka puli mbili zenye mashavu yanayobanana na kuachana, hata uwiano ukawa wowote kati ya mdogo na mkubwa. Dereva akikanyaga, kompyuta huipeleka injini kwanza kwenye mizunguko yenye nguvu, kisha huyavuta magurudumu yafuate. Sauti hutangulia mwendo. Masikio yaliyolelewa na gia za kawaida, ambamo sauti na mwendo hupanda pamoja, husikia klachi inayoteleza. Saa ya mkononi ingetoa hukumu nyingine kuliko sikio.

Premio iliyopungukiwa nguvu kikweli kwa kawaida imepungukiwa kwa sababu ya oili. Vijia vya VVT-i ni vyembamba, na kabla yake kuna chujio dogo kuliko kidole gumba. Oili iliyokawia huwa nzito, chujio huziba, bawa hukwama upande mmoja, na injini hurudi kuwa ya mteka maji asiyebadili mkono: ama nzito kuchomoka kituoni Ukunda, ama inayoishiwa pumzi katika kupita lori. Chujio hilo hufunguliwa kwa boliti moja, husafishwa kwa petroli na kurudishwa, kazi ya chini ya saa moja. Mafundi wengi hulipita kwa kuwa halimo katika orodha ya sevisi ya kawaida.