Vinasaba na Uchaguzi wa Dume: Manufaa kwa Mfugaji wa Igawa

Mfugaji aliyechagua dume duni halitambui kosa lake mapema. Ng'ombe hubeba mimba kwa takribani miezi 9, na mtamba huhitaji zaidi ya miaka 2 kabla ya kuzaa na kuanza kukamuliwa. Hivyo miaka 3 au zaidi hupita, na gharama za malisho na dawa zimekwisha kulipwa, ndipo maziwa yanapoonekana hayatoshi.

Kwa desturi, chotara huchaguliwa kwa kutazama rangi, umbo na kiwele. Macho peke yake hayatoshi. Jike la asili likipandwa na dume halisi la Friesian, ndama hupata nusu ya damu kutoka kila upande. Chotara wakizaliana wao kwa wao, mgawanyo huo hautabiriki: ndama wa baba na mama mmoja huweza kufanana rangi, wakatofautiana kwa maziwa na ustahimilivu. Katika tambarare zenye joto kama za Usangu, damu ya kigeni ikizidi pasipo malisho na tiba ya kutosha, mnyama hudhoofika.

Vinasaba huonyesha kisichoonekana kwa macho. Mradi wa kuboresha ng'ombe wa maziwa Afrika, uitwao kwa kifupi ADGG, ulianza mwaka 2016 nchini Tanzania na Ethiopia ukiongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI). Nywele za mkia, zikiwa na mizizi yake, hupimwa maabara ili kubaini mchanganyiko wa koo. Majibu huunganishwa na rekodi za maziwa za wafugaji wadogo, ili dume apimwe kwa uzao wake katika mazingira ya hapa nchini.

Pasipo rekodi, kipimo hicho hupoteza thamani. Kwa hiyo wafugaji wanashauriwa:

1. Kumvika kila ng'ombe heleni ya utambuzi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010.
2. Kuandika tarehe ya kupandwa na ya kuzaa, dume aliyetumika, na lita za asubuhi na jioni.
3. Kubadilisha dume kabla hajawapanda binti zake.
4. Kumwarifu Afisa Mifugo wa Kata mapema. Ng'ombe aliyeonyesha joto asubuhi huhamilishwa jioni. Wa jioni, asubuhi inayofuata.

Daftari linaloanzishwa leo ndilo litakalomwongoza mfugaji kuchagua mtamba wa kubaki zizini.