Bangili ya sumaku haizuii mwezi mpevu

Kila mwezi unapokaribia kupevuka, swali hurudi lile lile: je, ni sumaku ya Mwezi inayowaangusha wenye kifafa, na bangili ya sumaku huizuia? Hapana. Nimeshajibu hivyo mara nyingi mno, na bangili bado zinauzwa.

Wauzaji wamedaka jambo moja la kweli wakaligeuza juu chini. Upepo wa Jua, yaani plazma (gesi ya chembe zenye chaji ya umeme) inayokwenda takriban kilomita 400 kwa sekunde, huuvuta uga sumaku wa Dunia ukawa mkia mrefu upande wa usiku. Mwezi mpevu uko upande huohuo, kwa hiyo hupita ndani ya mkia kwa siku kama 5. Lakini mkia ni wa Dunia. Sisi ndio tunaoufikia Mwezi; wenyewe hautufikii.

Ungetufikia kwa lipi? Hauna uga sumaku wa kuufunika wote. Mwaka 1967 chombo cha Explorer 35 kiliuzunguka kikakuta upepo wa Jua ukiupiga bila kizuizi, na nyuma yake pengo lenye plazma haba. Protoni nyingi za upepo huo humezwa na udongo wa Mwezi. Chombo cha Chandrayaan-1 kilionyesha kuwa hadi protoni moja katika tano hurudi angani zikiwa atomu za haidrojeni. Sumaku iliyopo ni ya mabaka ya miamba, kama Reiner Gamma, yanayoukengeusha upepo huo palepale yalipo. Wanaanga wa Apollo 16 walipima huko nanotesla 327 (nanotesla ni kizio cha nguvu ya uga sumaku), kipimo kikubwa kuliko vyote vya safari za Apollo. Hapa Afrika Mashariki tunaishi ndani ya nanotesla zaidi ya 30,000 za Dunia, mwezi uwe mwandamo au mpevu. Mabaka yenyewe yako kilomita 384,000 kutoka hapa, na uga wa namna hiyo hufifia haraka kadiri unavyoachana na mwamba. Tena bangili ni sumaku: haizuii uga, inauongeza!

Basi fanyeni hivi. Mwenye kifafa aende kituo cha afya, apimwe, aanze dawa, asiziache bila kauli ya daktari hata akikaa miezi bila kuanguka. Akianguka, ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, msimkandamize. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, mkimbizeni hospitali. Fedha ya bangili iwe nauli.