Ripoti ya Klabu Huanza Julai

Kila tarehe 1 Julai, kwenye klabu za Rotary dunia nzima, mtu mmoja huvua mkufu wa rais na mwingine akauvaa. Klabu za Lions nazo zinakwenda na kalenda hiyohiyo, Julai hadi Juni. Desturi ni mwaka mmoja tu. Rais mpya anasimikwa, anapigiwa makofi, anapiga picha na mgeni rasmi, na wiki inayofuata anaanza kutafuta faili la mradi ambalo mtangulizi wake alikuwa akilihifadhi kwenye kompyuta ya ofisini kwake.

Mwaka mmoja hautoshi kwa kazi nyingi za jamii. Miezi mitatu ya kwanza inaliwa na kujuana na kamati. Desemba wanachama wako mikoani na familia zao. Ikifika Machi, rais mteule ameshaanza mafunzo yake na macho ya watu yameanza kumwelekea yeye. Ndiyo maana nashikilia kwamba jukumu la kwanza la rais wa klabu, kabla hajatangaza mradi wowote, ni kuhakikisha klabu inaandika inachofanya. Asipofanya hivyo, atakayemfuata ataanza upya, na wafadhili wataombwa michango ya kisima ambacho walikwisha kukichangia.

Utaratibu wa kupokezana ni wa tangu zamani. Rotary ilianzia Chicago tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu. Lions ikafuata mwaka 1917 kwa juhudi za Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima wa mji huohuo. Nairobi ilipata klabu yake ya Rotary mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Zilikuwa klabu za wanaume watupu, hadi Rotary ilipofungua mlango kwa wanawake duniani kote mwaka 1989. Leo rais mwanamke si habari tena, na ukiniuliza mimi, vitabu vya kumbukumbu vilinufaika sana na mabadiliko hayo.

Umuhimu wa maandishi ulionekana mwaka 2017. Samuel Owori wa Uganda, aliyekuwa amekwisha kuchaguliwa kuiongoza Rotary duniani kuanzia Julai 2018, alifariki kabla hajashika usukani. Barry Rassin wa Bahamas akateuliwa kuchukua nafasi hiyo, na Julai ilipofika kazi ikaendelea. Chombo kikubwa kinahimili msiba wa namna hiyo kwa sababu mipango yake iko kwenye karatasi na watu wengi wanaijua. Klabu ya watu thelathini ambayo nywila ya akaunti ya benki anaijua mhazini peke yake itayumba hata mhazini huyo akihamishwa kikazi kwenda Mwanza.

Kuongoza watu usiowalipa kuna taabu yake. Rais wa klabu hana mshahara wa kukata wala barua ya onyo ya kuandika. Wajumbe wake ni madaktari, wakandarasi, walimu wakuu, wenye maduka. Wengine ni mabosi waliozoea kuamuru kutwa nzima, na jioni wamekuja kupumzika. Ukiwakoromea hawarudi. Kwa hiyo kinachobaki mkononi mwa rais ni kikao chenyewe, na kikao kinaendeshwa na ajenda.

Tangu mwaka 2016 Rotary imeziruhusu klabu kupunguza vikao vya kila wiki, mradi visipungue viwili kwa mwezi. Uhuru huo ni mzuri, ila umeongeza uzito wa kila kikao. Katika ajenda zetu kuna kipengele ambacho wengi hukipita mbio: yatokanayo. Mwenyekiti anauliza, "Kuna yatokanayo?" Kimya. "Haya, tuendelee." Hapo ndipo miradi inapofia. Muhtasari wa kikao kilichopita ulisema kamati ya afya "itafuatilia suala la miwani ya wanafunzi". Nani hasa? Lini? Akifuatilia, alete nini? Katibu anayejua kazi yake huandika jina, tarehe na kitu kinachotarajiwa: mjumbe fulani atamwona mganga mkuu wa wilaya kabla ya tarehe 14 na kurudi na orodha ya shule. Kikao kijacho yatokanayo yanakuwa na jambo la kujibiwa, na mjumbe huyo, hata awe bosi kiasi gani, ataona aibu kidogo kusema hakwenda. Aibu hiyo ndogo mbele ya rafiki zako inafanya kazi kuliko kanuni zote za katiba ya klabu.

Tuje kwenye fedha, maana huko ndiko klabu nyingi hugombania na kuvunjikia.

Klabu ya huduma ina fedha za aina mbili, na kuzichanganya ni kosa hata kama hakuna aliyeiba. Ya kwanza ni fedha ya wanachama: ada, michango ya chakula, faini za kuchelewa. Hiyo inaendesha klabu, inalipia ukumbi, inalipa stahili za makao makuu. Ya pili ni fedha ya umma, ile iliyopatikana kwa matembezi ya hisani, mbio, harambee, au bahasha ya kampuni iliyoguswa na mradi. Lions wana msimamo mkali katika hili: kilichochangwa na umma kirudi kwa umma, na kisitumike kuendeshea klabu. Njia rahisi ya kulitekeleza ni akaunti mbili benki, kila moja ikiwa na watia saini wawili. Mhazini anayesema "zote ziko pamoja lakini mimi najua ipi ni ipi" inawezekana ni mwaminifu kabisa. Tatizo ni kwamba ukweli huo uko kichwani mwake, na mkaguzi wa hesabu hakagui vichwa.

Chukua mfano wa matembezi ya hisani. Klabu imekusanya shilingi milioni kumi na mbili. Fulana, maji, tangazo la redio na gari la wagonjwa vimekula milioni tatu na nusu. Ripoti nyingi zitasema "tulikusanya milioni kumi na mbili kwa ajili ya wodi ya watoto" na kuishia hapo. Mchangiaji akienda wodini akakuta vifaa vya milioni nane na nusu, atakuwa na haki ya kuuliza, na swali lake litazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla halijamfikia rais. Ripoti safi huweka wazi zote tatu, yaani kilichoingia, kilichotumika kukipata na kilichofika, tena huziweka mwanzoni. Watu wazima wanaelewa kuwa shughuli ina gharama. Wasichokielewa ni gharama iliyofichwa.

Kuna na mkono wa sheria. Tanzania Bara, vyama vya namna hii husajiliwa kwa Msajili wa Vyama katika Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337. Kenya ina Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Msajili anataka taarifa ya mwaka. Mfuko wa Rotary nao, kwa ruzuku zake kubwa ambazo bajeti ya mradi haipungui dola 30,000, unataka ripoti ya maendeleo kila miezi 12, na ripoti ya mwisho ndani ya miezi 2 baada ya mradi kukamilika. Risiti zitunzwe si chini ya miaka 5. Klabu yenye ripoti iliyochelewa haipati ruzuku mpya. Nimeona marais wapya wakigundua hilo Septemba, wakiwa tayari na mradi mzuri mkononi, kumbe deni la ripoti ni la miaka miwili kabla yao.

Sasa ripoti yenyewe. Tuseme klabu imechimba kisima kirefu kijijini na kufunga pampu ya mkono. Ripoti ya kawaida inasomeka hivi: "Klabu ilikabidhi kisima chenye thamani ya shilingi milioni ishirini na mbili. Hafla ilihudhuriwa na mkuu wa wilaya, diwani na wananchi. Wananchi walifurahi sana." Inafuata picha ya wanachama wamevaa fulana, wameshika hundi ya kadibodi kubwa kama mlango. Kila sentensi hapo ni ya kweli, na hakuna inayomwambia msomaji kama maji yanatoka.

Mimi ningeuliza mambo ya kawaida kabisa. Kabla ya kisima, maji yalichotwa wapi, na safari ilichukua muda gani? Maji ya kisima yamepimwa na maabara, au tumeonja tukasema ni matamu? Pampu ya mkono ina vipande vya mpira ndani ambavyo huisha kwa kusuguana. Vikiisha, unapiga mkono mara ishirini ndoo haijajaa. Nani kijijini amefundishwa kuvibadilisha, na vipuri vinauzwa duka gani? Nani anakusanya fedha za matengenezo? Tanzania jibu la swali la mwisho lina jina: tangu Sheria ya Huduma za Maji ya mwaka 2019, maji vijijini yako chini ya wakala wa maji vijijini, RUWASA, na uendeshaji wake uko kwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Kisima ambacho chombo hicho hakikukitambua ni yatima tangu siku ya hafla. Klabu itarudi mjini, mjumbe wa kijiji aliyepokea funguo atahama, na miaka mitatu baadaye klabu nyingine itakuja na fulana zake kuchimba hatua chache pembeni.

Kwa hiyo aya ninayoipenda kuliko zote katika ripoti ya klabu ni ile inayoanza na maneno "tulirudi". Tulirudi baada ya miezi sita. Pampu inafanya kazi, lakini foleni asubuhi ni ndefu, na akina mama wa kitongoji cha juu bado wanachota mtoni kwa sababu mlima unawashinda wakiwa na ndoo. Aya hiyo haipendezi kwenye bango. Inafaa kwa klabu, kwa sababu inaonyesha mradi unaofuata uwe wapi.

Kuna wanaoogopa kuandika kasoro wakidhani wafadhili watakimbia. Waangalie kampeni ya polio, kazi kubwa kuliko zote ambazo Rotary imezifanya. Ilipoanza mpango wa PolioPlus mwaka 1985, lengo lilikuwa kuchangisha dola milioni 120. Kufikia 1988 zilikuwa zimepatikana dola milioni 247. Mwaka huo wa 1988 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa 350,000 katika nchi 125. Toka hapo kipimo kimekuwa kilekile: watoto wangapi wamepooza, wapi. Hakuna anayehesabu hotuba. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Kisha Februari 2022 Malawi ikatangaza mgonjwa, mwenye virusi vilivyofanana na vya Pakistan. Taarifa ile chungu ilitangazwa mara moja, na mwezi uliofuata watoto wa mikoa yetu inayopakana na Malawi, kuanzia Songwe na Mbeya hadi Njombe na Ruvuma, walikuwa wakipewa matone. Laiti mtu angeificha ili sherehe ya 2020 isichafuke, chanjo ile ingechelewa.

Jambo dogo kuhusu idadi ya wanachama: usiwabebe wasiokuja. Rotary hutoza klabu kwa majina yaliyomo kwenye orodha tarehe 1 Julai na tarehe 1 Januari, kwa hiyo jina la mtu aliyepotea tangu mwaka juzi lina bei. Zaidi ya bei, linampa rais picha ya uongo ya nguvu alizonazo. Wahesabu wanaoonekana, wapigie simu wasioonekana, na wanaosema wamechoka uwaache waende kwa heshima, wengine hurudi.

Na lini ripoti iandikwe? Hapa naona klabu zinajitesa bure. Juni katibu anakimbizana na wenyeviti wa kamati, kila mmoja anakumbuka vyake, risiti zimefifia hadi hazisomeki, na rais anaandika kurasa kumi na mbili usiku mmoja. Nusu ukurasa kila mwisho wa mwezi unatosha: kilichofanyika, fedha iliyoingia na kutoka kwa kila akaunti, kilichokwama na jina la anayekikwamua. Risiti ipigwe picha siku ileile, kabla wino wa mashine haujafutika. Ikifika Juni, ripoti ya mwaka ni kuunganisha nusu kurasa kumi na mbili na kuandika utangulizi. Nakala moja, kwa Kiswahili kinachoeleweka, iende kijijini au shuleni ulipofanyika mradi, ibandikwe ubaoni. Wale ndio wanaojua kama yaliyoandikwa ni kweli.

Wewe uliye rais mteule, kabla ya kuagiza keki ya kusimikwa, mwombe anayeondoka akupe orodha ya miradi ya miaka mitano iliyopita, taarifa za benki za akaunti zote mbili, na ripoti zinazodaiwa. Kisha chagua mradi mmoja wa zamani kwenye orodha hiyo, panda gari na katibu wako, mkaone kama maji yanatoka. Mtakachokikuta kiwe aya ya kwanza ya ripoti yako ya Julai.