Bonde la Paa na Mvua za Garissa

Nchi kavu humsahaulisha mtu paa lake. Mjini Garissa, na zaidi huko Wajir na Mandera, miezi mingi hupita bila tone, na mwenye nyumba hulala chini ya mabati yake akiamini kwamba hayana kasoro. Kisha, mwezi wa Oktoba au Novemba, mvua ambayo Wasomali huiita Deyr huteremka kwa kishindo usiku mmoja. Asubuhi gunia la mahindi limelowa, vyeti vya watoto vya shule vimegandamana sandukuni, na dari ina madoa ya rangi ya chai. Fundi akiitwa, mara nyingi huonyesha mahali pamoja tu, napo ni katika bonde la paa.

Bonde ni pale vipaa viwili vinapokutana kwa ndani, mfano wa kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa. Nyumba ya kawaida yenye kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma haina bonde. Lakini mwenye nyumba akiongeza chumba cha ubavuni, hata jengo likawa na umbo la herufi L, hapo bonde limezaliwa. Wazee wa nchi hiyo hawakuijua taabu hii. Nyumba ya Kisomali iitwayo aqal, ya miti iliyopindwa na mikeka, ambayo wanawake huisimamisha na ngamia huibeba, ina mgongo wa mviringo, na maji huteleza pande zote.

Yafaa kwanza kufanya hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Tuseme vipaa viwili vinavyolielekea bonde vina mita za mraba 30 kwa jumla. Mvua ya milimita 40 itateremsha lita 1,200, nazo zote zitapita katika njia isiyozidi upana wa shibiri moja. Tena mteremko wa bonde ni mdogo kuliko ule wa vipaa vyenyewe, kwa hiyo maji hujaa pale pale yanapokwenda polepole. Ndiyo sababu bati linalotosha kipaa halitoshi bonde.

Hapa ndipo watu wengi wanapobana shilingi mahali pasipofaa. Wakiisha kununua mabati ya geji 30 au 32 ya kuezekea, humwambia fundi atafute kipande kilichobaki akitie bondeni. Na ieleweke kwamba katika hesabu ya geji namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Bonde lastahili bati bapa la geji 26, au 24 kwa mwenye uwezo, lenye zinki nzuri na upana wa futi 2 hivi. Bati hilo hukunjwa katikati, likalala juu ya mbao na si juu ya hewa, maana bati lisilo na mbao chini yake hubonyea siku ya kwanza fundi alikanyagapo, na palipobonyea maji hutuama.

Wako wapendao alumini kwa kuwa haishiki kutu. Si shauri baya, ila jua la Garissa lina neno lake. Bati la futi 12 likipata tofauti ya joto ya nyuzi 40 za Selsiasi kati ya alfajiri na alasiri, la chuma hurefuka kwa karibu milimita 2, na la alumini kwa karibu mara mbili ya hapo. Kila siku hurefuka, kila usiku hurudi. Likiwa limepigiliwa misumari katikati, matundu yake hupanuka mwaka baada ya mwaka. Kadhalika alumini haipatani na saruji mbichi, wala na shaba. Na maji yaliyopita juu ya shaba yakishukia bati la zinki, huila ile zinki.

Huko Uingereza mabonde ya makanisa ya kale yametandikwa risasi, nayo hudumu vizazi vingi. Mtu asiige jambo hilo katika nchi ambamo maji ya paa huingia tangini na kunywewa. Risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa sababu hiyo hiyo lami haifai kupakwa bondeni mwa nyumba yenye tangi. Tena hata pasipo na tangi, jua huikausha ikapasuka.

Kazi ya kutandika huanzia chini, ukingoni mwa paa, ikipanda juu. Kipande cha juu hulala juu ya kile cha chini kwa inchi 6 au zaidi. Mabati ya vipaa nayo hufunika kila upande wa bonde kwa inchi 6 au zaidi, na katikati huachwa njia wazi ya inchi 4 au 5. Kingo za bati la bonde hukunjwa kwenda juu, ili maji yakifurika yasivuke, na misumari hupigwa nje ya mkunjo huo tu. Msumari katikati ya bonde ni tundu lililonunuliwa kwa fedha. Fundi akate kwa mkasi wa bati, kwa kuwa gurudumu la umeme huchoma zinki, na chembe za chuma zifagiliwe siku ile ile kabla hazijaanza kutu.

Kwa nyumba ambayo tayari inavuja, asianze mtu kupanda na ndoo ya saruji. Bati hutanuka na saruji haitanuki, basi ufa hurudi, na sasa maji hujificha chini yake na kuozesha mbao. Tone linaloonekana darini mara nyingi halipo chini ya tundu, maana maji hutambaa juu ya makombamoyo kabla ya kuanguka. Njia iliyo bora ni watu wawili kufanya kazi pamoja asubuhi. Mmoja amwage maji bondeni kutoka chini akipanda taratibu, na mwenziwe awe ndani akitazama, mpaka tone litokee. Tundu dogo husuguliwa kutu, likakaushwa, likafunikwa kwa kiraka cha bati la aina ile ile kinacholipita kwa inchi 3 kila upande, kikafungwa kwa ribiti na gundi ya silikoni. Ikiwa kutu imeenea, kiraka ni kujidanganya. Bati zima litolewe.

Mara nyingine bonde halina tundu lolote. Majani madogo ya mathenge, vumbi la pepo za Hagaa na mavi ya ndege hujikusanya humo tangu Juni, na mvua ya kwanza huvigeuza kuwa boma. Maji hupanda ukingoni na kuingia chini ya mabati mazima. Ufagio na nusu saa, mwishoni mwa Septemba, hutosha kuondoa hatari hiyo, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite nje ya tangi.

Tena bati linunuliwe mapema. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoikata barabara ya Nairobi upande wa Madogo, ng'ambo ya mto Tana, malori yalikwama. Mwaka 1961, na katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, nchi hiyo ilizingirwa na maji vivyo hivyo. Wakati wa kumtafuta fundi ni Agosti, siku ambazo hana kazi nyingi na bei yake bado inasikilizana.