Usikimbilie Kununua Betri: Namna ya Kubaini Hitilafu ya Mfumo wa Kuchaji katika Gari la Zamani

Na Mwandishi Wetu

Mmiliki wa gari la zamani anageuza ufunguo alfajiri, anasikia mlio hafifu, kisha kimya. Majirani wanaitwa, gari linasukumwa hadi linawaka, na kabla ya jua kutua betri mpya imekwishanunuliwa. Baada ya wiki mbili hali inajirudia. Fedha imekwenda, ilhali kosa halikuwa la betri.

Makala haya yanaeleza namna dereva anavyoweza kubaini chanzo cha hitilafu ya kuchaji kabla ya kuingia gharama. Vipimo vinavyotajwa ni vya magari yanayotumia umeme wa volti 12, na kifaa kinachohitajika ni kipimavolti cha kawaida kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme.

Mfumo unavyofanya kazi

Betri ni ghala la umeme, na kazi yake kubwa ni kuwasha injini. Injini ikishawaka, mkanda huzungusha alteneta, nayo huzalisha umeme wa kuendesha taa, waipa na redio, na wakati huohuo kuirudishia betri ilichotoa. Kwa hiyo, betri inapoishiwa nguvu kuna maswali matatu ya kujibu: Je, betri yenyewe imechoka? Je, alteneta haizalishi umeme? Au umeme unazalishwa lakini haufiki kwenye betri?

Anza kwa macho na mikono

Zima injini na utoe ufunguo. Kagua mkanda wa alteneta iwapo una nyufa, unang'aa kwa kuteleza au umelegea. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, katika magari mengi unapaswa kubonyea takriban sentimita 1. Mkanda unaopiga kelele mara taa kubwa zinapowashwa kwa kawaida unateleza.

Kisha kagua vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme kupita. Kabla ya kuvisafisha, fungua kwanza waya wa hasi, na wakati wa kurudisha uufunge mwisho. Fuatilia pia waya wa ethi unaounganisha betri na bodi pamoja na injini, kwa kuwa katika magari ya zamani kutu hujificha chini ya nati zake.

Taa ndogo yenye maana kubwa

Dalili ya mvua ni mawingu. Ufunguo unapowashwa kabla ya injini kuwaka, taa ya alama ya betri kwenye dashibodi inapaswa kuwaka, kisha izimike injini inapoanza kufanya kazi. Ikibaki inawaka, alteneta haichaji ipasavyo.

Lisilofahamika kwa wengi ni kwamba taa isiyowaka kabisa nayo ni dalili ya hitilafu. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaoiamsha alteneta hupitia katika taa hiyo. Glopu ikiungua, au waya wake ukikatika, alteneta nzima inaweza kushindwa kuanza kuchaji. Brashi za kaboni zilizokwisha ndani ya alteneta pia huleta dalili hiyohiyo.

Vipimo vitatu

Kwanza, pima betri gari likiwa limelala usiku kucha. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.2 ni takriban nusu, na chini ya 12 imekaribia kuisha.

Pili, washa injini na upime tena kwenye vichwa vya betri. Kwa kawaida kipimo kinapaswa kuwa kati ya volti 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni ya ndani, kisha ongeza mwendo wa injini kidogo. Kipimo kisishuke chini ya 13. Kikibaki kama kilivyokuwa injini ikiwa imezimwa, hakuna kuchaji. Kikizidi 15, kidhibiti volti kimeharibika, na betri inaweza kuchemka.

Tatu, injini ikiwa inaunguruma na taa zikiwa zimewashwa, gusisha ncha moja ya kipimavolti kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye nati kubwa ya kutolea umeme ya alteneta. Tofauti ikizidi takriban volti 0.3, umeme unapotea njiani, na dawa yake ni kurekebisha waya au maungio. Katika kipimo hiki, nguo na mikono vikae mbali na mkanda na feni.

Ikiwa kuchaji ni kuzuri lakini betri inakufa usiku, ichaji ijae, kisha uache waya wa hasi ukiwa umefunguliwa hadi asubuhi. Betri ikishuka sana, yenyewe imechoka. Ikibaki imejaa, kuna kitu ndani ya gari kinachonyonya umeme, iwe taa iliyojificha, redio au diodi mbovu ya alteneta.

Tahadhari mbili

Wapo wanaong'oa waya wa betri injini ikiwa inawaka ili "kujaribu" alteneta. Mtindo huu unaweza kusababisha volti kupanda ghafla na kuunguza diodi, kidhibiti volti na vifaa vingine. Usiruhusu jaribio hilo kwenye gari lako.

Aidha, katika baadhi ya magari ya dizeli ya zamani, yakiwemo ya Toyota Hilux yenye injini ya 2L, pampu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika, kanyagio la breki huwa gumu muda mfupi baadaye. Dereva anayeona taa ya betri ikiwaka safarini asimame mahali salama na kukagua mkanda, badala ya kuendelea akidhani kitakachopungua ni mwanga tu.

Baada ya vipimo hivi, mpelekee majibu fundi wa umeme wa magari aliyehitimu mafunzo. Namba ulizoziandika zitampunguzia muda na kukupunguzia gharama. Na iwapo betri kweli imefikia mwisho, ikabidhi kwa wakusanyaji walioidhinishwa. Risasi na asidi iliyomo ni sumu kwa watoto, udongo na maji, hivyo isitupwe jalalani wala kupasuliwa nyumbani.